Mwezi wa saba kijiwe kilipokunywa chai

Jiko la pumba za mbao hushindiliwa kwa chupa ya bia. Wala sitanii. Unachukua kopo kubwa la rangi, unalitoboa tundu ubavuni karibu na kitako, unasimamisha chupa katikati na kupitisha kijiti kwenye lile tundu mpaka kiguse chupa. Halafu unamimina pumba na kuzishindilia kwa ngumi mpaka zishikane kama ugali wa jana. Ukimaliza unaizungusha chupa taratibu, unaichomoa, unatoa na kijiti, na hapo umebaki na njia ya hewa inayoingilia chini na kutokea juu. Washa kwa chini. Likishindiliwa vizuri linawaka tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku bila kuongezwa kitu, na pumba hapa Mafinga, mkoani Iringa, huzinunui. Wenye mashine wanakushukuru ukiziondoa.

Watu wakisikia habari ya mchango wetu wa mwezi wa saba, ule wa kuacha pombe na kuweka fedha yake kisandukuni, swali la kwanza huwa tulipata shilingi ngapi. Nitazitaja, mimi ni karani na namba ndizo zinazonilisha. Ila bila lile kopo la rangi fedha zisingepatikana. Ushahidi ninao, maana mwaka wa kwanza hatukuwa nalo na tuliumbuka.

Nafanya kazi kwenye banda la mbao, Kinyanambo. Naandika zinazoingia na zinazotoka: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane. Malori yanatoka upande wa msitu wa Sao Hill na paini mbichi, yanaondoka kwenda Dar na kavu. Jioni banda likifungwa tulikuwa na njia moja tu, kuvuka barabara kwenda kwa dada wa grosari. Tulikuwa kama kumi na moja hivi, mafundi, wapakiaji, dereva wa Fuso, mzee mmoja aliyechana mbao kwa msumeno wa mkono kabla sisi wengine hatujazaliwa, na shemeji yangu ambaye kazi yake mpaka leo sijaielewa.

Mvua zikinyesha watu wa huku wana ulanzi, pombe ya mianzi, mtogwa kwa anayeonja, mkangafu kwa aliyekubuhu. Ikifika Juni mianzi imenyamaza, kunabaki komoni, pombe ya nafaka, na bia. Na Juni ndipo baridi inapokuja kukaa. Asubuhi ukiteremka bondeni unakuta nyasi zimepauka kwa sakitu, zinavunjika chini ya buti kama chumvi ya mawe. Wengi tunaiita barafu tu na kuendelea na safari. Mbingu za kiangazi hazina wingu la kuifunika ardhi usiku, joto la mchana linapanda na kupotea, hewa baridi inateremka na kutuama mabondeni. Wenye chai na viazi wanaijua habari hiyo kwa hasara. Sisi tuliijua kwa kiu. "Baridi hii dawa yake ni moja," mtu anasema, na hakuna anayebisha.

Aliyebisha ni mpwa wangu. Anasoma uuguzi Melbourne, na Juni ya 2023 alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Shikamoo mjomba, huku nako ni baridi, nimevaa masweta mawili. Australia iko kusini ya Ikweta kama sisi, kwa hiyo Julai yao ni baridi na yetu ni baridi. Akanieleza kwamba wenzetu hao tangu mwaka 2008 wana kampeni inaitwa Dry July. Mtu anaacha pombe Julai nzima, ndugu na marafiki wanamchangia kwa kumtia moyo, na fedha zinakwenda kuwasaidia wagonjwa wa saratani na familia zao. Mchangiwa anafaidi ini lake, mgonjwa anafaidi huduma. Uingereza nao wanayo ya Januari, katikati ya baridi yao, tangu 2013. Na hapohapo Melbourne ndiko ilikoanzia mwaka 2003 ile ya Novemba ya kufuga masharubu kwa ajili ya afya ya wanaume. Hiyo ya masharubu tuliiacha. Kijiweni kwetu wenye ndevu wanazo tayari na hakuna ambaye angelipwa azifuge.

Kuhusu dawa ya baridi alinisomesha bila huruma. Pombe, mjomba, inafungua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu ya moto inakuja juu, unasikia uso umepata joto, kumbe joto lenyewe linatoka nje ya mwili. Ndani unapoa huku unajiona umeota moto. Na kule kutetemeka ambako ndiko mwili unajipashia, pombe inakufifisha. Niliirudia sauti ile mara mbili nikiwa grosari, spika ikiwa wazi. Dereva wa Fuso akasema basi miaka yote tumekuwa tukilipia kupigwa na baridi. Tukacheka, tukaagiza tena.

Lakini neno lilikuwa limeingia. Tukaamua na sisi tujaribu, kwa namna yetu: kila mtu aweke kwenye kisanduku kile ambacho angekunywa. Hatukuwa na mtu wa kutuchangia, tukajichangia wenyewe.

Mwaka 2023 tulianza Jumamosi ya tarehe moja Julai kwa mbwembwe. Sikukuu ya Sabasaba ikaangukia Ijumaa. Jumatatu ya tarehe kumi tulikuwa tumebaki wanne, na wa nne sina hakika naye. Kisanduku kilipofunguliwa kilikuwa na shilingi 143,000 na kifungo cha shati. Tukanunua mablanketi ya watu wazima, tukayapeleka kwenye kituo kimoja cha afya bila kuuliza wanahitaji nini. Walipokea kwa adabu, wakayapanga stoo juu ya mablanketi mengine.

Watu walisema hatuna msimamo. Mimi sikubaliani. Kosa lilikuwa la mahali. Mwanaume wa huku akitoka kazini saa kumi na mbili, giza linanyemelea na baridi inauma, anakwenda wapi kama haendi grosari? Nyumbani sebule ni moja, watoto wanafanyia kazi za shule hapo, moto uko jikoni na jikoni mwenyewe ni mama. Siku ya pili nilipofika nyumbani mapema mama watoto aliniuliza kama naumwa. Ya tatu akauliza kama nimefukuzwa kazi. Ya nne akanipa maharage nichambue, na nilichambua vibaya. Tulikuwa tumemnyang'anya mtu kiti, meza, moto na wenzake, tukamwambia vumilia, ni kwa ajili ya jambo jema. Jambo jema halina joto, jamani.

Jiko lilikuja kwa ajali. Mei ya 2024 kijana mmoja mpakiaji, chumba chake kidogo, alijifungia na jiko la mkaa, akaziba na upenyo wa dirisha kwa matambara. Mkaa ule ukiwaka kwenye chumba kilichozibwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu na mtu analala moja kwa moja. Jirani alisikia anatapika, akauvunja mlango. Alipona, akawa na kichwa kinachogonga siku mbili. Kila mwaka msimu huu tunasikia ya mtu ambaye jirani yake hakusikia. Basi yule kijana alipotoka hospitali, mlinzi wa banda akamwambia, moto ni wa nje, njoo ukae na mimi, na akamwonyesha kopo lake la pumba pale chini ya upenu, pande tatu wazi, paa la bati juu. Jioni ile nilipita nikakaa. Kesho yake tukawa wanne. Kabla Juni haijaisha tulikuwa tumehamishia hapo mabenchi.

Kwa hiyo Julai ya 2024 ilipoingia, Jumatatu, tulikuwa na mahali.

Fundi seremala alitengeneza kisanduku chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwa mlinzi. Daftari kwangu. Sharti lilikuwa kutaja kwa sauti ulichokuwa unakunywa kwa kawaida, kisha kuweka thamani yake. Nawaambia, hilo lilikuwa gumu kuliko kiu. Mtu anataja bia moja, wenzake wanakohoa. Mimi nilijipigia hesabu usiku wa kwanza: mbili kila siku ya kazi, nne Jumamosi, Jumapili sinywi. Julai ile ilikuwa na siku za kazi ishirini na tatu na Jumamosi nne. Chupa 62. Kwa 2,500 kila moja ni shilingi 155,000. Nilikaa nikiitazama namba hiyo. Ilizidi zote nilizomtumia mama mzazi tangu mwaka uanze, na mama yuko Ifunda tu hapo, si mbali.

Kule Australia wana kitu kinaitwa tiketi ya dhahabu: ukiwa na sherehe ambayo huwezi kuikwepa, mtu anailipia na wewe unaruhusiwa usiku mmoja. Sisi tuliita kibali, 20,000, na unalipa mwenyewe. Niliogopa kitakuwa mwanya wa kuvuja, kumbe ndicho kilichotuokoa Sabasaba, maana aliyeanguka mwaka 2023 alianguka moja kwa moja kwa aibu, na mwaka 2024 aliyelipia kibali alirudi kesho yake kama mtu aliyetoka likizo. Vibali vitano vililipiwa mwezi mzima. Vitatu ni vya shemeji, na vyote vitatu alisema ni harusi. Nilihudhuria moja tu kati ya hizo harusi.

Siku ya tatu ilitokea jambo ambalo hatukulipanga. Yule mzee wa kuchana mbao mikono ilianza kumtetemeka, si tetemeko la baridi, jasho linamtoka na moto wenyewe yuko mbali nao. Mpwa wangu nilimpigia, kwao ilikuwa usiku wa manane, akaacha hata kuniamkia. Akaniambia mpelekeni kwa daktari sasa hivi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi hakatizi ghafla, anaweza kupata degedege, anaweza kufa. Anapunguzwa taratibu na watu wa afya. Tulimpeleka usiku huohuo. Alirudi baada ya siku chache na masharti yake na dawa zake. Kisanduku tukamwambia hakimhusu. Akakasirika, mzee wa watu, akaona tumemtoa. Ndipo mlinzi akamkabidhi jiko: yeye ndiye wa kushindilia. Mpaka leo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa, na akikuta umelichokoa anakutukana Kihehe safi. Ningependa kila anayeanzisha mchango wa namna hii alitangaze hilo la kutokatiza ghafla kabla hajatangaza lengo la fedha. Sisi hatukulijua, ikawa bahati tu.

Na dada wa grosari? Siku ya nne alivuka barabara akiwa na khanga mabegani na uso umekunjamana. "Kamwene," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaja kusalimia. Akauliza huko kusaidia watoto wa watu, yeye wa kwake watakula nini. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kumi na moja sisi tulikuwa nusu ya jioni yake. Jambo hili hulisikii kwenye matangazo ya kampeni, kwamba uzuri wako unaweza kuwa unamtoka mwenzako mfukoni. Tulikubaliana alete chai ya tangawizi, viazi vya kuchoma na supu ya kongoro. Alileta. Tulimlipa kila jioni, taslimu, hakuna daftari la madeni. Faida haikufikia ya bia, aliniambia waziwazi mwisho wa mwezi, ila hakukuwa na mtu wa kumtapikia mlangoni.

Mwaka huu wa pili tuliuliza kwanza. Nilikwenda na fundi kwenye hospitali moja ya hapa wilayani, tukaonana na sista wa wodi ya watoto wachanga. Tukasema tunataka kusaidia watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, msimu huu wa baridi, tulete hita au mablanketi? Akatusikiliza kama mwalimu anayesubiri mtoto amalize. Kisha akasema, "Mablanketi ninayo. Sina mahali pa kumkalisha mama."

Akatueleza. Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la mwili kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hawezi kujipasha, na hapa kwetu Julai hata chumba kilichofungwa kina baridi. Hita ya kwanza ni kifua cha mama. Mtoto anawekwa ngozi kwa ngozi, wima katikati ya matiti, kofia kichwani, soksi miguuni, nepi, basi, halafu wanafungwa pamoja kwa kitenge. Ndiyo ile huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá huko Kolombia mwaka 1978, kwa kuwa mashine za joto zilikuwa chache na watoto ni wengi. Inafanya kazi. Lakini si ya nusu saa. Mama anamshikilia mchana na usiku, siku nyingi, na wodini kwake kina mama walikuwa wanakaa kwenye ukingo wa kitanda, mgongo wazi, mpaka kiuno kinawakataa. Wanataka kiti chenye egemeo lililolala kidogo nyuma, mikono ipate pa kutua, na ambacho mhudumu anaweza kukifuta kwa dawa.

Fundi alikuwa ameshatoa rula. Alimwomba sista aketi kwenye stuli, akapima kimo cha goti bila kumgusa, akaandika kwenye kiganja.

Pale ndipo mchango wetu ulipobadilika, ukaacha kuwa wa kutofanya kitu. Tajiri wa banda alitupa vipande vya paini vilivyokauka, vile vifupi visivyouzika. Kuanzia tarehe kumi na mbili tulikuwa na kazi kila jioni kuzunguka moto: kupiga randa, kukata, kusugua kwa msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzi, kupaka vanishi mara tatu. Egemeo na kikalio ni sponji iliyofunikwa leza, ile ngozi ya makochi, ili ifutike. Tulitumia skrubu badala ya misumari, kwa sababu kiti cha msumari kikianza kulia hakinyamazi, na njiti analala kwa shida. Maranda na pumba za viti zilikwenda kwenye kopo la mzee, kwa hiyo viti vilijipashia joto vyenyewe wakati vinatengenezwa.

Dereva wa Fuso hakuwa na mkono wa useremala, akipiga randa ubao unatoka kama mgongo wa mamba. Akakaa hana la kushika. Alisema hakutamani bia, mkono ndio uliotamani chupa. Mama watoto na wenzake wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, walikuwa wameshaanza kufuma kofia na soksi kwa nyuzi tulizonunua, akaja siku moja kuleta, akamkuta dereva anachezea uzi. Akamfundisha kroshia palepale. Mikono ile inayogeuza usukani wa tani kumi! Kofia yake ya kwanza ingemtosha ndizi. Ya tano ilikuwa kofia. Alimaliza mwezi na kofia kumi na tisa, na sasa hivi kwenye Fuso lake kuna sindano ya kroshia imechomekwa pale wengine wanapotundika rozari. Anasema akikwama kwenye mzani hachokozani na mtu tena.

Ni kwenye randa hiyo pia ambapo fundi alizungumza. Mkewe alifariki mwaka 2022. Tulizika pamoja, tukachangia, tukarudi grosari, na kwa miaka miwili tulikunywa naye kila jioni bila yeye kulitaja jina la mke wake wala sisi kumwuliza. Usiku ule alikuwa anasugua mkono wa kiti, macho kwenye ubao, akasema marehemu alimzaa mtoto wao wa kwanza akiwa na miezi saba, akamweka kifuani siku arobaini, hakuna aliyemfundisha, ni bibi yake alimwambia tu. Mtoto yule sasa yuko chuo. Akaendelea kusugua. Hakuna aliyesema pole haraka haraka. Mzee akaongeza karatasi kwenye jiko, ingawa halikuhitaji karatasi. Tangu usiku ule anamtaja, mara nyingine kwa kicheko, kwa mfano jinsi marehemu alivyokuwa mbahili wa vitunguu. Mimi si mtaalamu wa mambo ya moyo. Naeleza nilichokiona: wanaume wa kwetu hawaongei wakitazamana, wanaongea wakitazama kazi.

Mwili wangu nao nitausema kidogo. Nililala vizuri kuanzia wiki ya pili. Mkanda ulirudi tundu moja. Nikajua kwamba binti yangu wa darasa la sita anachukia hesabu za sehemu na anapenda ramani, jambo ambalo lilikuwa likitokea sebuleni kwangu muda wote.

Tarehe 31, Jumatano, tulifungua kisanduku. Watu wanane kati ya kumi na mmoja walifika mwisho. Shilingi 1,012,500, vibali vikiwemo. Viti vinane, kwa sponji, leza, skrubu na vanishi, 62,000 kila kimoja, jumla 496,000. Nyuzi vibunda sitini, 150,000. Vitenge ishirini vya kufungia watoto, 240,000. Usafiri 30,000, ingawa dereva alikataa yake. Zikabaki 96,500, tukaziacha kwa ajili ya kubadilisha sponji zikichoka, maana kitu cha msaada kikiharibika huwa hakina mwenyewe.

Shemeji alitaka bango. Alikuwa ameshaongea na mtu wa kuchapa: picha zetu wote, jina la kijiwe, na mama mmoja akipokea kofia. Tulibishana jioni mbili. Nilikuwa nimewahi kuona ugeni wa namna hiyo wodini, wageni wana fulana zinazofanana, kina mama wamepangwa mstari, kamera inasubiri mmoja atabasamu na mtoto wake ana uzito wa kilo moja na nusu. Sista alitumalizia ubishi kwa sentensi moja: viti vipite mlango wa nyuma, simu zibaki mfukoni. Shemeji akajipiga picha na kiti kikiwa kwenye Fuso, mtupu, hakuna mtu. Ni picha nzuri kusema kweli.

Tarehe moja Agosti nilivuka barabara. Sitaki mtu anidhanie nimeokoka. Dada alinifungulia bia, ikawa baridi kuliko nilivyoikumbuka, nikaimaliza, nikarudi upenuni kwa sababu ndiko walikokuwa wote. Sasa nakunywa Jumamosi. Wawili wamerudi kama zamani. Mzee hajarudi. Mama namtumia kila mwezi, na akipokea hupiga simu kuuliza kama nimebadilishwa kazi.

Juni hii ya 2025 imeingia na ukungu wake, manyunyu asubuhi, mikono haikunji kalamu. Kisanduku kimepakwa vanishi upya. Juzi sista alimtumia fundi ujumbe. Viti vinatumika, kimoja kimelegea mguu, lakini kuna jingine: baba mmoja alikuja kumpokezana mkewe kumbeba mtoto, mkewe amejifungua kwa upasuaji na hawezi kukaa muda mrefu. Baba ana mwili. Alikaa kwenye kiti chetu nusu usiku mzima ameminywa mikono, mtoto kifuani, akikataa kunyanyuka kwa kuogopa kitanyanyuka naye. Sista anaomba kimoja kiwe kipana.

Fundi amekata ubao jana. Ameongeza inchi tano. Mzee anasema saba.